Dodoma Bila Bahasha ya Kaki

Huku kwetu Pugu, ukiaga kwamba unakwenda Morogoro watu wanakutuma salamu. Ukiaga unakwenda Bagamoyo wanakukumbusha usirudi mikono mitupu. Lakini ukitaja Dodoma, sauti zinashuka: "Kuna nini tena?" Kwa wengi wetu Dodoma ni ya kufuatilia. Mmoja anafuatilia uhamisho, mwingine mafao ya marehemu baba yake, mwingine kaitwa kwenye usaili. Anaondoka na bahasha ya kaki kwapani, anafika, anaketi kwenye benchi kumsubiri mhusika ambaye "ametoka kidogo", na jioni anawahi basi bila kujua mji wenyewe umekaaje.

Nilipomwambia jirani kwamba mimi na mama watoto tunakwenda Dodoma kutembea tu, alidhani namficha jambo. "Kutembea Dodoma? Jirani, si bora mwende Zanzibar mkaoge bahari?" Zanzibar ni pazuri, sibishi. Ila nilikuwa nimeusikia mji mkuu wetu redioni maisha yangu yote, na nilitaka safari moja ya kuutazama nikiwa sina la kuomba wala la kusainiwa. Na kwa kuwa umri umeshaanza kudai haki zake, nilitaka tuutazame taratibu.

Utaratibu huo hauji wenyewe. Safari ya shida hupangwa na wenye ofisi. Safari ya raha unaipanga mwenyewe, na kishawishi chake ni kujaza kila saa. Nilianza kwa kuandika kwenye daftari kila nilichowahi kusikia kuhusu Dodoma. Ukurasa ulipojaa, mama watoto akachukua kalamu akaanza kufuta. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: asubuhi jambo moja, mchana kulala, jioni jambo moja. Kitakachobaki kitatungoja.

Sisi wa Pugu, kwa kweli, tuna hisa zetu katika mji mkuu. Miaka ya mwanzo ya 1950 palikuwa na mwalimu aliyefundisha hapa katika shule ya Mtakatifu Fransisko, ambayo leo ni Pugu Sekondari. TANU ilipoundwa Julai 7, 1954, rais wake wa kwanza alikuwa bado anasahihisha madaftari ya wanafunzi huku vilimani. Mwaka uliofuata Julius Nyerere alilazimika kuchagua kati ya chaki na siasa, akaiacha chaki. Chama hichohicho ndicho kilichoamua, Oktoba 1973, kwamba makao makuu ya nchi yatoke Dar es Salaam yaende Dodoma, katikati ya nchi. Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA ya watu wa zamani, ikapewa miaka kumi ya kukamilisha kazi. Nigeria waliamua kuhamia Abuja mwaka 1976, nyuma yetu, na ilipofika Desemba 1991 wakawa wamehama. Sisi tuliendelea kujenga kwa kusuasua hadi 2016, Rais Magufuli alipotangaza kwamba sasa serikali inahama kweli. Mwaka 2017 CDA ikavunjwa, na Aprili 26, 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji.

Hisa yetu nyingine ni reli. Jiwe la msingi la reli ya kisasa, SGR, liliwekwa hapahapa Pugu, Aprili 12, 2017. Abiria walianza kwenda nayo Morogoro Juni 14, 2024, na Dodoma Julai 25 mwaka huohuo, kabla ya Rais Samia kuizindua rasmi Agosti 1. Kwa basi, Dodoma ni safari ya kutwa: foleni ya Kibaha, Chalinze, Morogoro, Gairo, na mgongo unaodai fidia. Kwa treni, mtu wa Pugu anakunywa chai kwake na chakula cha mchana anakula Dodoma. Kabla ya hapo, kusema "wikendi Dodoma" kulikuwa mzaha.

Jambo la kwanza kupanga ni tarehe, maana mji huu una misimu ambayo haimo kwenye utabiri wa hali ya hewa. Bunge la bajeti huanza Aprili na kuisha Juni 30; mikutano mifupi huwa mwanzoni mwa mwaka, kati ya Agosti na Septemba, na tena Novemba. Bunge likikaa, nyumba za wageni zinajaa na bei zinapanda. Hali huwa hiyohiyo wakati wa Nanenane pale Nzuguni, wiki ya mahafali ya vyuo, na siku ambayo Simba au Yanga wana mechi na Dodoma Jiji katika Uwanja wa Jamhuri. Asiye na haja ya Bunge azikwepe tarehe hizo zote, atalala pazuri kwa bei ya kawaida.

Halafu kuna mbingu yenyewe. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua zake ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Machi au Aprili. Juni na Julai ni upepo na baridi ya usiku, na sisi wa Pwani tuliozoea kujitupa kitandani na khanga tutaomba blanketi la pili. Oktoba na Novemba ni jua na vumbi. Nilipozipanga tarehe zote mezani, mwanzo wa Septemba ukashinda: baridi imeshalegea, zabibu za msimu wa pili zipo sokoni, na Bunge liko kwenye mkutano wake mfupi. Nilitaka kuliona Bunge, kwa hiyo nikakubali bei ya Bunge, ila nikaweka nafasi ya chumba mapema. Tukapata nyumba ya wageni Area C, mtaa uliotulia, ambao ukitoka unaweza kwenda mjini kwa miguu.

Tiketi inakatwa kwa simu. Unaingia kwenye mfumo wa Shirika la Reli, unaandika namba ya kitambulisho, unachagua kiti, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa mtandao wa simu. Nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar hadi Dodoma, kama mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, ilivyoitangaza mwaka 2024, ni shilingi 31,000, na watoto wa miaka minne hadi 12 wanalipa nusu. Ipo treni ya haraka, yenye nauli kubwa zaidi, lakini haituhusu: inapita Pugu bila kutusalimia. Ya kawaida inasimama Pugu, na hilo ndilo jambo ambalo watu wa huku hatulitumii vya kutosha. Nimeona majirani wakiamka alfajiri, wakapanda daladala, wakakaa kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere hadi stesheni kuu ya mjini, ili wapande treni itakayowarudisha nyuma ya nyumba zao. Sisi tulichukua bajaji kutoka Kajiungeni hadi stesheni ya Pugu, tukapita kwenye ukaguzi wa mizigo, tukaketi tukiwa hatujatoka hata jasho.

Treni ya umeme inaondoka kimya. Mzee aliyezoea ule mtikisiko wa treni ya zamani, pale mabehewa yanapovutana kabla ya kuanza mwendo, anajikuta anaangalia miti ya msitu wa Pugu ikirudi nyuma ndipo anajua safari imeanza. Soga, Ruvu, Ngerengere: vituo vinapita kabla hujamaliza andazi. Reli imejengwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa, na kijana mmoja mbele yetu alikuwa akitangaza mwendo kwa sauti, kwa faida ya behewa zima, hadi dada yake alipomwambia anyamaze watu walale.

Ikikaribia Morogoro, milima ya Uluguru inasogea dirishani upande wa kushoto. Baada ya Morogoro ni tambarare za Mkata, kisha Kilosa, na hapa ndipo nakushauri ufumbue macho. Kuanzia Kilosa njia inafuata bonde la mto Mkondoa. Wajerumani walioileta reli ya kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910, waliilaza chini bondeni, kandokando ya mto. Mto haukuwahi kuwasamehe: kila baada ya miaka kadhaa unafurika, unabeba tuta, na safari za kwenda bara zinakatika. Wajenzi wa reli mpya walipanda ubavuni mwa milima na kuitoboa. Unaingia gizani, unatoka, unaona bonde chini na reli ya zamani ikijikunja na mto, kisha unaingia gizani tena. Baada ya mahandaki nchi inabadilika sura. Kijani kinapungua, mibuyu inaanza, mawe makubwa ya matale yanakaa juu ya mengine bila sababu inayoonekana. Kidete, Gulwe, Igandu. Umeshaingia Ugogo.

Dereva wa bajaji aliyetupokea nje ya kituo alikuwa kijana mchangamfu. "Shikamoo mzee, shikamoo mama. Mmekuja mkutano gani?"

"Marahaba. Hatuna mkutano, baba. Tumekuja kutembea."

"Kuna mgonjwa?"

Tulimhakikishia kwamba hakuna mgonjwa, hakuna kesi, hakuna mirathi. Akafikiri kidogo, kisha akaamua kuwa sisi ni watu wa kuonyeshwa mji, akapunguza mwendo na kuanza kutaja majengo bila kuongeza nauli.

Jioni ya kwanza mpe Mwalimu. Katikati ya mji kuna uwanja wa Nyerere Square, na sanamu yake imesimama pale. Jua likipungua, wanafunzi wa vyuo wanakuja kupiga picha, watoto wanakimbizana, wazee wanakalia kuta fupi za bustani na kubishana habari za mpira. Hapo ndipo mtu wa Dar anapogundua jambo la kwanza kuhusu mji huu: una nafasi. Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam na watu 5,383,728, na Jiji la Dodoma na watu 765,179. Tofauti hiyo unaisikia kwenye mabega kabla ya kuisoma popote. Barabara zimenyooka, mizunguko ni mipana, na mtu anavuka mtaa bila kuaga ndugu.

Upana huo ulipangwa. Ramani ya kwanza ya mji mkuu ilichorwa na washauri kutoka Kanada na kukamilika mwaka 1976, na agizo walilopewa lilikuwa kinyume na yale ya miji mikuu mingi mipya ya karne hiyo. Brasilia ilijengwa ili ishangaze ulimwengu. Dodoma ilitakiwa iwe mji wa majengo mafupi, mitaa ya makazi yenye huduma zake, njia za waenda kwa miguu na bustani, kwa kufuata mteremko wa ardhi, pasipo fahari ya kuwatisha wananchi. Fedha hazikutosha na mengi yalibaki kwenye karatasi. Lakini tembea Area C au Area D asubuhi, kabla jua halijapanda, uone viwanja vilivyopimwa na miti ya kivuli mbele ya nyumba, utaona kwamba kuna watu waliwahi kukaa chini na kufikiri jinsi mwananchi wa kawaida atakavyoishi katika mji mkuu wake. Kwetu Pugu, viwanja vingi vilipimwa kwa hatua za mjumbe na uzio wa minyaa.

Ijumaa asubuhi ilikuwa ya Bunge. Mwananchi anaruhusiwa kuingia na kukaa kwenye jukwaa la wageni, na njia nyepesi ni kuomba mapema kupitia ofisi ya mbunge wako. Kitambulisho ni lazima, mavazi ni ya heshima, na mlangoni kuna ukaguzi wa kutosha, hivyo acha mkoba mkubwa ulikolala. Fika kabla ya saa tatu kamili, maana mwanzo ndio mtamu. Wote wanasimama. Mpambe wa Bunge anaingia amebeba siwa begani, Spika anafuata katika joho lake, siwa inalazwa mezani, dua inasomwa. Nimeona hayo kwenye runinga mara nyingi, lakini runinga haikuonyeshi jinsi ukumbi unavyotulia pale siwa inapopita, hata wale waliokuwa wakinong'onezana na kuchekeana nukta moja nyuma.

Kisha: "Katibu!" Na maswali yanaanza. Mbunge anasimama, anaomba swali lake namba fulani lipatiwe majibu. Naibu waziri anajibu kwa kusoma, mbunge anashukuru na kuuliza mawili ya nyongeza. Kisima cha kijiji. Kilomita kadhaa za barabara ambazo zimeingia kwenye bajeti kila mwaka na hazijatoka. Zahanati iliyopauliwa, haina mganga. Mama watoto alikuwa akisikiliza kwa makini kuliko mimi. Kwenye jukwaa letu walikuwapo wanafunzi wa shule moja na kikundi cha akina mama wa mkoani waliovaa sare ya kitenge, na Spika alipotangaza wageni walisimama, wakapunga mikono, wabunge wakawagongea meza. Wale akina mama walikaa wakiwa wamerefuka kidogo. Ukumbi huo umekuwa ukitumika tangu 2006. Ule wa zamani, jirani yake, unaitwa Ukumbi wa Pius Msekwa. Tulitoka baada ya maswali. Kanuni ya mama watoto haikuruhusu tukae hadi miswada.

Tulilala mchana. Nalitaja kwa sababu ni sehemu ya mpango kama yale mengine. Jua la Dodoma saa saba halina unyevu wa kulipunguza makali, na mtu anayezunguka nalo anamaliza siku akiwa amekasirika bila kujua amemkasirikia nani. Saa kumi tukaoga, tukatoka kuzunguka katikati ya mji kwa miguu. Kanisa kuu la Anglikana lenye kuba lake, kanisa kuu la Kilutheri, jamatini ya Waismailia huko Uhindini, na Msikiti wa Gaddafi, mkubwa kuliko yote, uliojengwa kwa ufadhili wa Libya na kufunguliwa mwaka 2010: vyote unavizungukia katika matembezi ya jioni moja. Ukichoka, ipo hoteli ya zamani inayotazamana na stesheni ya reli ya zamani, ambako unaweza kuagiza chai na kuwaza kuhusu maofisa wa kikoloni walioshuka pale na masanduku yao.

Jumamosi ni ya Soko la Majengo, na hapa usiende na haraka. Tulisimama mbele ya mama mmoja aliyekuwa na mafungu ya unga wa kijani kibichi uliofifia, umekaa kwenye ungo, na kopo dogo la kupimia.

"Mbukwenyi," nikajaribu Kigogo changu cha kuokoteza.

"Mbukwa," akaitikia, akacheka. "Ninyi wa Pwani."

"Umetujuaje, mama?"

"Unautazama mlenda utadhani dawa."

Ni mlenda mkavu, ilende ya Wagogo. Majani yanachumwa wakati wa mvua, yanakaushwa, yanatwangwa na kuchekechwa, ili mboga iwepo hata mwezi ambao hakuna jani hata moja la kijani porini. Alitueleza namna ya kupika kama anayemfundisha mkwe: maji yachemke kwanza, chumvi na magadi kidogo tu, halafu unga unaunyunyiza pole pole huku mkono mwingine unapekecha kwa upekecho, usije ukafanya mabonge. Mwishoni karanga zilizotwangwa. "Na ugali uwe wa uwele," akasisitiza, akimtazama mama watoto. "Wa sembe mlenda unaukimbia." Tulinunua makopo kadhaa. Mchana huo, kwenye kijihoteli cha karibu na soko, tuliagiza mlenda na ugali wa uwele, na niseme kweli: tonge la kwanza linateleza kabla hujaamua kama umelipenda, na la tatu unalifuata mwenyewe.

Zabibu zinataka akili. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, mapema katika mwaka na tena karibu na Agosti na Septemba, na msimu ukiwa juu zinauzwa kila kona. Zile ndogo nyeusi zenye kokwa ni za mvinyo zaidi kuliko za kula, ingawa muuzaji hatakuambia. Onja kabla ya kununua, hakuna atakayekukatalia. Usinunue za nyumbani siku ya kwanza. Ngoja siku ya kuondoka. Ziwekwe kwenye boksi lenye matundu, zisioshwe, na boksi likae miguuni, si juu ya vichwa vya watu.

Jioni hiyo tulipanda kilima cha mawe kilicho pembeni ya mji, ambacho wageni wamezoea kukiita Lion Rock. Si mlima wa kujisifia. Mtu wa makamo mwenye viatu vizuri anafika juu bila kuomba msaada. Nenda na wenzako, wala usisubiri giza huko. Ukiwa juu, ramani ya mwaka 1976 inajieleza: mitaa iliyopangwa katikati, kisha mabati mapya yanayong'aa pande zote hadi mahali macho yanapokoma, yale yaliyoota baada ya 2016 wakati watumishi walipohamia na mashamba ya mtama yakageuka viwanja.

Jumapili baada ya ibada tulikodi bajaji ya yule kijana, tukashika barabara ya Dar. Kilomita 17 hivi kutoka mjini ni Mtumba, Mji wa Serikali, ambako wizara zimehamia. Siku ya Jumapili hapana foleni wala pilikapilika. Barabara pana, majengo marefu yenye vioo, walinzi getini, na miti michanga iliyoshikiliwa na vijiti. Nilihesabu kichwani watu wangapi wa mtaa wetu wamewahi kukaa kwenye benchi la jengo mojawapo, nikaona wengi walifika hapa na kuondoka bila kuinua macho.

Mbele zaidi, kama kilomita 30 kutoka mjini, ni Chamwino. Ikulu mpya, iliyofunguliwa Mei 20, 2023, imejengwa kwa kufanana na ile ya Magogoni, hivyo mtu wa Dar haimpi shida kuitambua. Huingii, wala hupigi picha. Unapita barabarani na heshima zako. Ila kumbuka kwamba Ikulu haikuangukia Chamwino kwa bahati. Miaka ya mwanzo ya 1970, wakati wa kuhamasisha vijiji vya ujamaa, Nyerere alipiga kambi hapa, akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Yule mwalimu wa Pugu alikuwa tayari rais, na bado alijua kukanyaga udongo.

Tuliyoyaacha ni mengi, na mengine yaliniuma. Taasisi ya Jiolojia ina makumbusho ya miamba na madini ambayo nilitamani kuiona, kwa sababu utafiti wa madini nchini ulianza kuwa na makao yake Dodoma tangu mwaka 1925. Lakini hufunguliwa siku za kazi, na Ijumaa yetu ilikuwa imeshachukuliwa. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kimekaa kwenye vilima vyake na kinataka nusu siku peke yake. Michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, ipo mbali kaskazini na inastahili safari yake. Kila moja nilipolitaja, mama watoto aliniuliza: "Tumekuja kutembea au kukagua?"

Mji mkuu unaopokea watu wenye shida tu haujifunzi kukaribisha. Dodoma imejengwa kwa nusu karne kwa ajili ya ofisi, na inaonekana: vibao vya kuelekeza kwenye wizara ni vingi, vya kuelekeza mgeni kwenye soko, kilima au historia ni vya kutafuta. Makumbusho inayofungwa Jumamosi imemwekea mlango mtumishi, ikamsahau baba aliyekuja na wanawe. Mambo hayo hayabadilishwi na malalamiko yetu barazani. Yatabadilishwa na watu wengi wanaofika bila miadi, wanaouliza njia, wanaokula, wanaolala na kulipa, hadi mwenye duka, mwenye bajaji na mwenye makumbusho waone kuna faida kuwapo watu wa aina hiyo. Kwetu huku, treni inapita mlangoni. Ni kosa letu tukiiachia watu wa mikutano peke yao.

Neno la mwisho kwa atakayefuata: treni za Jumapili jioni za kurudi Dar hujaa mapema, hasa Bunge likiwa linaendelea. Kata tiketi ya kurudi siku ileile unapokata ya kwenda, na hakikisha umechagua treni inayosimama Pugu.